Mwanafunzi hakubisha hodi, chuo kikasema hataki msaada

Mwaka juzi mwezi wa nane nilikaa mezani na binti mmoja wa Kikongo hapa Ohio, kazaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, Tanzania, kaja Marekani akiwa na miaka 13, na sasa yuko chuo cha jamii, vile vya miaka miwili, anachukua masomo ya kuingilia unesi. Akatoa bahasha kwenye mkoba. Barua ya ndani ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Inasema anadaiwa dola 312 na akaunti yake imewekewa holdi, yaani hawezi kujisajili kozi yoyote mpaka alipe. Semista inaanza baada ya siku nane. Barua ina wiki tano.

Nikamuuliza, sasa mbona hukwenda kwa mshauri wako wa masomo? Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini hajaenda Ikulu. "Anko, mi niliona nitawasumbua tu. Halafu sikujua kama hiyo nayo ni kazi yake."

Deni lenyewe lilitoka wapi? Semista ya nyuma, wiki ya pili, aliacha kozi ya kemia kwa sababu saa za maabara ziligongana na zamu yake ya ghalani. Aliiacha kwa kubonyeza kitufe kwenye simu akiwa ndani ya basi. Hakuna aliyemwambia kwamba ukishuka chini ya krediti 12, zile alama za uzito wa kozi unazobeba kwa semista, wewe si mwanafunzi wa muda wote tena, na ile ruzuku ya serikali ya Pell inayosaidia watoto wa familia za kipato kidogo inapunguzwa, na pengo linalobaki ni lako wewe. Kitufe hakikumuuliza una uhakika. Mtu yeyote aliyefanya kazi ofisi ya ushauri mwezi mmoja anaijua hiyo habari, ila mtu huyo alikuwa amekaa nyuma ya mlango, na binti alikuwa nje ya mlango, na kati yao kuna kitu kinaitwa hodi.

Nataka tuongelee hii hodi, maana ndiyo kiini cha ubaguzi ambao hauonekani kama ubaguzi. Ushauri wa masomo kwenye vyuo vingi vya Marekani umejengwa juu yake. Mshauri yupo, ana kiti, ana kompyuta, ana moyo mzuri mara nyingi, na mlango uko wazi, wanapenda kusema hivyo, mlango wetu uko wazi muda wote. Sawa. Lakini ili uingie kwenye mlango ulio wazi lazima ujue kwamba upo, ujue unaenda kuuliza nini, na uamini kwamba ukiuliza hawatakuona mjinga. Mtoto ambaye mama yake alisoma chuo hukohuko Marekani anayo hayo yote kabla hajafungasha begi. Mama anapiga simu wiki ya pili, anauliza umeshaonana na mshauri, usiache hiyo kozi kabla hujauliza ofisi ya hela, na huyo mtoto anakwenda bila hata kujua kwamba amesaidiwa. Kwa hiyo huduma ni moja, sheria ni moja, tangazo ukutani ni moja, na wanaonufaika ni walewale kila mwaka.

Matokeo yake yamo kwenye takwimu za serikali yenyewe. Wanafunzi wa muda wote walioanza vyuo vya miaka minne mwaka 2010, walipohesabiwa baada ya miaka sita, waliomaliza pale walipoanzia walikuwa asilimia 74 ya Waasia, 64 ya Wazungu, 54 ya Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na 40 ya Weusi. Arobaini tu. Yaani katika kila vijana kumi Weusi waliopigiwa makofi na kanisa zima siku ya kuondoka nyumbani, sita walikuwa hawajapata cheti pale baada ya miaka sita, na wengi wao mkopo wanao.

Najua hapa kuna ndugu zangu wa Afrika Mashariki watasema mbona watoto wetu wanafaulu, hao wengine ni uvivu tu. Nimelisikia hilo kwenye harusi, nimelisikia kwenye misiba, na linaniuma kila mara. Hebu tuangalie nyumba zetu wenyewe basi. Mtoto wa Mkenya aliyekuja hapa na digrii ya Nairobi, baba mhasibu mama nesi, na mtoto wa Mkongo aliyekaa kambini miaka 15, kwenye fomu ya chuo wote wanatia alama kiboksi kimoja, Mweusi. Rangi moja, Kiswahili kimoja, hata ibada wanaweza kuwa wanasali pamoja. Mmoja ana mtu sebuleni anayejua krediti ni nini na mwingine hana. Sasa chukua hiyo tofauti uirudishe nyuma vizazi vinne kwa Wamarekani Weusi wenyeji, ambao babu zao walifungiwa milango ya vyuo vikuu kwa sheria kabisa, siyo kwa bahati mbaya, halafu uniambie habari ya uvivu. Kukosa mtu wa kukuelekeza sebuleni ni urithi, kama nyumba ilivyo urithi, na Marekani iligawa urithi huo kwa rangi.

Na pale ambapo mtoto anabisha hodi kweli, anakutana na nini? Chama cha washauri wa vyuo, NACADA, kilipofanya uchunguzi wake mwaka 2011 kilikuta mshauri wa kawaida anabeba wanafunzi 296, na kwenye vyuo vya miaka miwili, ambako ndiko wanakokwenda Weusi, Walatino na wahamiaji wengi, ni 441. Piga hesabu mwenyewe. Semista ya wiki 15, saa 40 kwa wiki, ni saa 600. Gawa kwa 441, unapata kama saa moja na dakika ishirini kwa kila mtoto kwa semista nzima, na hapo mshauri hajajibu imeili hata moja, hajahudhuria kikao, hajaugua. Kwa hiyo anakupa dakika kumi na tano, anatazama skrini zaidi ya uso wako, anakuchagulia kozi zilizobaki nafasi, anakuambia karibu tena.

Binti wangu huyu aliwahi kupata dakika hizo 15 mwaka wake wa kwanza. Akasema anataka kuwa nesi mwenye digrii. Akaambiwa kwa upole kabisa kwamba unesi ni mgumu, je amefikiria kuanza na CNA, ule usaidizi wa wagonjwa wa wiki chache, ili aanze kupata hela mapema? Sina neno baya na kazi ya CNA, nusu ya mama zetu hapa wamejenga nyumba Afrika kwa kazi hiyo, kwa mgongo wao na usiku wao. Ila binti hakuuliza habari ya CNA. Alikuwa na B kwenye baiolojia. Huyo mshauri hakumtukana, hakumbagua kwa makusudi, alimwona tu msichana Mweusi mwenye lafudhi akampa ndoto ya saizi anayoidhania.

Hili nalo si jipya. Mwanasosholojia Burton Clark aliandika mwaka 1960, baada ya kuchunguza chuo kimoja cha miaka miwili kule San Jose, California, kwamba vyuo hivi vina kazi moja isiyotangazwa, nayo ni kuwapoza wanafunzi. Kuwapoza kama unavyopoza chai. Unawapokea wote kwa mlango wazi, halafu taratibu, kwa mitihani ya kuanzia, kwa kozi za matayarisho, kwa vikao na mshauri, unamfanya kijana mwenyewe aone kwamba alichotaka kilikuwa kikubwa mno na ashushe matarajio yake bila kelele. Miaka zaidi ya sitini imepita na bado wakati mwingine nasikia mvuke wa hiyo chai.

Sasa kinachonipa nguvu ni kwamba tunajua dawa. Mara nyingi tukiongelea mambo ya rangi tunabaki kulalamika, lakini hapa majaribio yalishafanyika, hela ilishatumika, majibu yapo.

Chuo kikuu cha jiji la New York, CUNY, mwaka 2007 kilianzisha mpango unaoitwa ASAP kwa vyuo vyake vya miaka miwili. Mwanafunzi anasoma muda wote, na chuo kinampa mshauri ambaye wakati wa utafiti alikuwa anabeba watu 60 mpaka 80 tu, huku washauri wa kawaida kwenye vyuo vilevile wakibeba 600 na zaidi. Halafu kumwona mshauri si hiari, unapaswa kuonana naye mara kwa mara. Na ukitimiza masharti ulikuwa unapewa MetroCard ya bure, kadi ya treni na basi ya mwezi mzima. Hapo ndipo nilipompenda aliyebuni, maana anajua mtu anaweza kushindwa kufika darasani kwa sababu ya nauli, na anajua pia kwamba mtu anayefuata nauli atakutana na mshauri bila kuhitaji ujasiri wa kubisha. Ada iliyobaki inafidiwa, vitabu vinasaidiwa. Shirika la utafiti la MDRC likawachukua wanafunzi 896 wa kipato cha chini wenye mapungufu ya hesabu au Kiingereza, likawagawa kwa bahati nasibu, nusu ndani ya mpango nusu nje. Baada ya miaka mitatu walio ndani waliomaliza walikuwa asilimia 40, walio nje 22. Karibu mara mbili! Na wengi wa vijana hao walikuwa Walatino na Weusi. Watu wakasema ni ghali, na kweli kwa kichwa ni ghali, ila ukigawa gharama kwa kila aliyemaliza inashuka, kwa sababu kitu ghali kuliko vyote ni kumsomesha mtu miaka miwili akaondoka mikono mitupu. Halafu wakasema hiyo ni New York tu, mpango ukaletwa hapa Ohio kwenye vyuo vitatu, ukafanya kazi vilevile.

Mfano wa pili uko Atlanta, Georgia State, chuo kikubwa katikati ya mji chenye vijana wengi Weusi kuliko Wazungu. Mwaka 2003 waliokuwa wanamaliza pale ndani ya miaka sita walikuwa asilimia 32. Walianza kujiuliza swali ambalo vyuo havipendi kujiuliza, yaani badala ya kuuliza hawa wanafunzi wana kasoro gani, waliuliza sisi tunawaangusha wapi. Wakachambua miaka kumi ya rekodi zao, wakapata dalili zaidi ya 800 za mtu anayeanza kupotea njia, na mwaka 2012 wakaanza kuzifuatilia kila siku. Kwa mfano unesi, kila mtu alidhani kinachotabiri nani atamaliza ni ile kozi ya mwanzo ya misingi ya unesi, kumbe ni hesabu za mwanzo. Kwa hiyo mtoto akiyumba kwenye hesabu, mshauri anamtafuta wiki hiyohiyo, hasubiri aje mwaka wa tatu kuambiwa hawezi kuingia.

Watu wengi wakihadithia Georgia State wanaishia kwenye kompyuta. Wanasahau kwamba mwaka huohuo waliajiri washauri wapya 42. Kompyuta bila hao 42 ni kengele inayolia kwenye nyumba isiyo na mtu. Wanasahau pia zile hela ndogo. Kila semista walikuwa wanawaondoa wanafunzi zaidi ya 1,000 kwenye orodha kwa sababu ya madeni, wengine mia chache tu za dola, wengine wamebakiza semista moja. Tangu 2011 chuo kikaanza kulipa hayo madeni chenyewe, wastani wa kama dola 900, bila mtu kuandika barua ya kujieleza, wanaangalia orodha wanasema huyu yuko karibu kumaliza, mlipie, halafu akae na mshauri wapange yaliyobaki. Kufika mwaka 2014 kiwango cha kumaliza kilipita asilimia 50, na wanafunzi Weusi na Walatino wakawa wanamaliza kwa kiwango sawa na Wazungu au zaidi.

Nikifika kwenye hizo hela namkumbuka binti na dola zake 312, na moyo unanienda mbio.

Ila kuna mahali naomba tuwe macho. Baada ya Atlanta kusifiwa, makampuni yakaja kuuza programu za utabiri kwa vyuo vya kila aina, na vyuo vikanunua programu bila kuajiri watu. Mwaka 2021 gazeti la uchunguzi la The Markup lilionyesha kwamba baadhi ya vyuo vikuu vya umma vilikuwa vinatumia programu ambayo inaweka rangi ya mwanafunzi ndani ya hesabu yenyewe ya hatari, na chuo kimoja kijana wa kiume Mweusi alikuwa anawekewa alama ya hatari kubwa karibu mara nne ya mwenzake Mzungu. Mshauri anafungua skrini, kabla mtoto hajakaa kwenye kiti, anaona rangi nyekundu. Sasa fikiria ile dakika 15. Fikiria yule aliyependekeza CNA, mpe na kompyuta ya kumthibitishia alichokuwa anakidhania. Hiyo ni chai ya Clark inapozwa kwa umeme. Kwangu mimi mstari uko hapa: alama iseme kitu ambacho mshauri anaweza kukishughulikia, umeangusha hesabu, una holdi, umeacha kozi, hujajisajili. Ngozi haiwezi kushughulikiwa na wala haipaswi, kwa hiyo haina kazi kwenye hiyo skrini.

Lakini, na hapa naomba unielewe vizuri, rangi lazima ibaki kwenye hesabu ya chuo chenyewe. Usimtabirie mtoto kwa rangi yake, ila kila mwisho wa mwaka jihesabu wewe chuo kwa rangi: tumewapoteza akina nani, wiki ya ngapi, kwenye kozi gani, baada ya barua gani. Kitabu cha hesabu kikiwa hakina safu ya rangi utasema kila mtu alipewa nafasi sawa na utalala usingizi. Nalisema hili kwa sababu upepo umegeuka. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia vyuo kuangalia rangi wakati wa kudahili, Texas sheria ikafunga ofisi za usawa kwenye vyuo vya umma kuanzia 2024, na wakuu wengi wa vyuo wameingia baridi, hata neno lenyewe hawataki kulitamka. Nawaambia ASAP haikuuliza mtu rangi yake. Hela ndogo za Atlanta hazikuuliza rangi. Zilimfikia kila aliyekuwa anaanguka, na kwa kuwa wanaoangushwa zaidi ni Weusi na Walatino, wao ndio waliosimama zaidi. Hakuna hakimu aliyekataza mshauri kubeba watu 80 badala ya 441. Hiyo inazuiwa na bajeti tu, na bajeti ni watu wanaamua.

Eneo ambalo bado ni bichi kabisa ni kuhama chuo. Vijana wetu wengi wanaanzia vyuo vya miaka miwili kwa sababu ada yake ni nafuu, na wanane katika kumi wa wanaoanza huko husema wanataka digrii ya kwanza. Wanaoipata ndani ya miaka sita ni kama asilimia 16. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba anayehama anapoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zake njiani, maana chuo kipya kinazikataa. Karibu nusu! Umelipa, umekesha, umefaulu, halafu unaambiwa hiyo kozi huku haihesabiki. Na hapo hakuna mshauri wa kumbishia hodi kabisa, kwa sababu wa chuo cha kwanza anasema hayo ni ya kule unakokwenda, na wa kule anasema wewe bado si mwanafunzi wetu. Ningekuwa na uwezo wa kubadili kitu kimoja tu kesho asubuhi ningeweka mshauri mmoja anayelipwa na vyuo vyote viwili na anayemshika mwanafunzi mkono kuanzia siku ya kwanza mpaka cheti cha mwisho, na ningempa mshahara wa kumfanya akae, maana hawa watu wanaondoka haraka mno, mtoto anaeleza habari za maisha yake kwa mtu wa tatu katika miaka miwili mpaka anachoka kueleza.

Zile dola 312 tulizilipa kwa mchango wa kanisa, watu kumi na moja, siku mbili kabla ya kusajili kufungwa. Binti alirudi darasani na kemia akaichukua upya, safari hii saa za jioni. Mwaka huu akapangiwa mshauri mpya na nikamwambia asiende mikono mitupu, akae aandike maswali kwenye karatasi. Akaandika matatu. La kwanza, nikiacha kozi hela yangu inafanywaje. La pili, krediti zangu zipi zitakubaliwa kwenye chuo cha unesi ninachokitaka. La tatu lilikuwa langu, nilimwomba aniulizie: wewe unabeba wanafunzi wangapi?

Alinipigia akiwa kituo cha basi. "Anko, la kwanza na la pili kanijibu vizuri, kanichapishia na karatasi. Lile la tatu kanyamaza kwanza. Halafu kasema mia tano na themanini. Halafu akaniomba msamaha, anko, mama mtu mzima kabisa, na mi sikujua nimjibu nini."